Miwani, kompyuta na rafiki: namna dunia pepe ilianza kusaidia vijana wenye kansa



Leo tuko na historia, lakini si ile ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya dunia zisizoshikika, zile mtu anaingia kwa kompyuta, kwa simu, ao kwa miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili. Wenzetu wa Tanzania wanatumia neno "pepe" kwa vitu vya namna hiyo, na neno ni zuri, tulichukue: dunia pepe. Tangu karibu miaka 30 sasa, hospitali za Marekani, kisha za Ulaya, zinaingiza watoto na vijana wenye kansa mu dunia hizo ili roho itulie kidogo. Mtu wa Kasumbalesa anaweza kuuliza: ile inatuhusu nini sisi, ambao hata umeme wa SNEL unakuja na kuondoka namna unataka? Inatuhusu sana.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe, juu mashine bila mgonjwa ni mchezo tu. Tuseme ni kijana wa miaka 14, anakaa Kasumbalesa, baba yake anapitisha mizigo ku duane. Wamemkuta na kansa ya damu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo mtu habaki Kasumbalesa. Ao anapanda barabara ya Lubumbashi, karibu kilomita 90, ao anavuka mpaka, anapita Chililabombwe, Chingola, Kitwe na Ndola, hadi Lusaka, zaidi ya kilomita 400, ambako kuko hospitali ya kansa iliyozinduliwa rasmi mwaka 2007. Kansa ya damu inayoshika watoto wengi zaidi inatibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Si wiki mbili za malaria, bandugu. Mu siku za kemo kinga ya mwili inashuka chini kabisa, kwa hiyo kijana anakatazwa masomo, kanisa, mpira, msongamano wote. Nywele zinaanguka. Wenzake wanapanda darasa, yeye anabaki na daftari la mwaka jana.

Mu chumba ana watu, hilo si swali. Mama yuko, shangazi yuko, mchungaji anapita. Lakini wote ni wakubwa, na wote wanaongea juu ya kichwa chake, mara nyingine kwa kunong'ona, eti mtoto asisikie jina la ugonjwa. Mtoto wa miaka 4 anataka mama yake. Kijana wa miaka 14 naye anamtaka, ila hawezi kulisema; kile anasema kwa sauti ni wenzake. Na wenzake njo hawako.

Hapo njo historia yenyewe inaanzia, na inaanzia mahali tofauti na kwetu. Uingereza, hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi zilikuwa zinafungia wazazi mlango. Mtoto analazwa, mama anaruhusiwa kumuona saa chache kwa wiki, basi. Walisema mama akija mtoto analia, asipokuja ananyamaza, kwa hiyo asije. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa bila mama yake kwa siku nane, na watu waliona kwamba ule unyamavu haukuwa amani, ulikuwa ni kukata tamaa. Waganga wengine walikasirika, hawakutaka kuamini. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali, inayoitwa ripoti ya Platt, ilishauri kwamba wazazi wafunguliwe mlango.

Soma hiyo kisha ufikirie hospitali zetu. Kwetu garde-malade ni sehemu ya hospitali kama vile kitanda. Analala chini kwa mkeka, anapika mu kiwanja, anafua, anakimbia ku famasi usiku. Mara nyingi ni umaskini wa hospitali njo unatulazimisha, sitaki kuupamba. Lakini matokeo ni kwamba upweke wa mtoto wa Ulaya na upweke wa mtoto wa Katanga si upweke mmoja. Yule wa kwanza alikosa mama. Wetu amekosa rika lake. Nashika tofauti hiyo kwa sababu kila chombo kilichoundwa kule kiliundwa kwa jeraha la kule, na kuko kimoja tu, kwa maoni yangu, kilichogusa jeraha letu moja kwa moja.

Hicho kimoja ni cha mwaka 1995. Kinaitwa Starbright World. Steven Spielberg, yule mtengeneza filamu, pamoja na Peter Samuelson walikuwa wameanzisha shirika la kusaidia watoto wagonjwa sana. Walichukua kompyuta, wakaziweka mu hospitali kadhaa za Marekani, wakaziunganisha kwa laini za pekee, na ndani yake wakajenga dunia ya rangi. Mtoto alichagua umbo lake, yaani avata, akatembea mu dunia ile, akakutana na mtoto mwingine aliyelala mu hospitali ya mji mwingine. Waliandikiana, waliongea, na mara nyingine walionana kwa kamera. Haikuwa ya kansa peke yake: hata watoto wenye SS, ugonjwa ambao familia nyingi za hapa zinaujua kuliko zinavyotaka, walitumia.

Ona kile kilichokuwa kipya. Filamu na katuni zilikuwa mu hospitali zamani. Michezo ya televisheni pia. Kipya kilikuwa kwamba upande wa pili wa skrini kulikuwa mtoto mwingine mwenye sindano mu mkono kama weye. Mule ndani hakuna anayekutazama kichwa kisicho na nywele. Ukitaka unaongea ugonjwa, usipotaka unakimbizana tu. Mwaka 2004 shirika hilo liliungana na jingine linaloitwa Starlight, na zile kompyuta kubwa zikapitwa na wakati, lakini wazo lilikuwa limeshatoka.

Mwaka ule ule wa 1995, tukumbushane, sisi tulikuwa Wazaire. Gécamines, iliyokuwa imetoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000, na hospitali zake pamoja na masomo yake zilishuka nayo. Watoto wa wafanyakazi waliozaliwa mu maternite ya kampuni walikuwa sasa wanatafuta aspirini ku soko. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tulichelewa kwa sababu hatupendi mambo mapya.

Baada ya Starbright historia inagawanyika njia mbili, na ni vema kuzitenganisha, juu watu wanazichanganya sana. Njia moja ni ya kusahaulisha maumivu. Nyingine ni ya kukutanisha watu.

Njia ya kusahaulisha ilianzia kwa waliochomwa na moto. Ku chuo kikuu cha Washington, mji wa Seattle, Hunter Hoffman na wenzake walitengeneza dunia ya theluji, mgonjwa anarusha matonge ya theluji wakati manesi wanamsafisha vidonda. Akili ya mtu haiwezi kushika vitu vyote kwa mara moja. Ikishikwa na theluji, maumivu yanapata nafasi ndogo. Wengine wakapeleka wazo hilo kwa kansa. Mu mji wa Atlanta watafiti walichukua watoto na vijana 59 wenye kansa, wa miaka 7 hadi 19, waliopaswa kuchomwa sindano mu kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kwa ajili ya kupitisha dawa. Wamoja walivaa miwani, na mule ndani waliingia mu makao ya gorila wa bustani ya wanyama ya mji ule. Matokeo yalitolewa mwaka 2004: kwa waliovaa miwani, mapigo ya moyo yalionyesha hofu ndogo kuliko kwa wale waliochomwa bila kitu cha kuwashika akili. Nilicheka kidogo niliposoma. Mtoto wa Atlanta anatulizwa na gorila, mnyama wa misitu ya inchi yetu, na mtoto wetu anashikwa mikono na watu wanne ili asipige teke.

Njia hiyo ni ya kweli na inasaidia. Lakini ni ya dakika 20. Sindano ikitoka, miwani inatoka, na kijana anarudi kutazama ukuta.

Kati ya njia hizo mbili kuko mchezo mmoja wa kusimulia kwa urefu kidogo, sababu ulipimwa vizuri. Unaitwa Re-Mission, ulitolewa mwaka 2006 na shirika la HopeLab lililoanzishwa na Pamela Omidyar. Mchezaji anaongoza roboti ndogo sana ya kike, jina lake Roxxi, inayoingia ndani ya mwili wa mgonjwa na kupiga seli za kansa kwa kemo kama risasi. Walipima kwa vijana 375, wa miaka 13 hadi 29, mu hospitali 34 za Marekani, Kanada na Australia. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Vijana waliocheza walimeza dawa zao kwa uaminifu kuliko wengine, na ujuzi wao wa ugonjwa ulipanda. Hilo si dogo: kijana anayeacha vidonge vya nyumbani anaweza kurudiwa na kansa. Lakini watafiti wale wale waliandika kwamba mchezo haukubadilisha kile vijana walisema juu ya mkazo wa roho wala juu ya ubora wa maisha yao.

Mimi naona hapo kuko somo kubwa kuliko sehemu ile iliyosifiwa. Re-Mission ilichezwa na mtu mmoja. Ilimpa kijana silaha, ikamfundisha, lakini mule ndani hakukuwa mwenzake. Sisemi utafiti ule ulithibitisha sababu hiyo. Nasema tu kwamba anayedhani mchezo wowote wa kansa ni faraja ya roho, asome tena zile namba.

Njia ya pili, ya kukutanisha, ilichukuliwa na Marina Bers, mwanamke wa Argentina aliyesoma MIT. Dunia yake inaitwa Zora. Mu mji wa Boston aliipa vijana wa figo, wale wanaofungwa ku mashine ya kusafisha damu saa nyingi kila wiki, na baadaye vijana waliobadilishiwa viungo. Hao si wa kansa, lakini maisha yao yanafanana: hospitali kila wakati, dawa zisizoisha, masomo yaliyokatika. Mu Zora vijana hawakukuta dunia iliyojengwa tayari. Walijenga wenyewe: nyumba zao, vyumba vyao, mashujaa wao, hadisi zao, na sheria za kukaa pamoja. Na kulikuwa mtu mzima ndani, anayejulikana kwa jina, anayewasindikiza. Mtu mzima yule mimi naona njo siri ya kazi yote, nitamrudilia.

Sasa turudi upande wetu wa Afrika, maana mtu anaweza kufikiri kwamba huku hatukufanya kitu. Sayansi ya kansa ya watoto inadaiwa sana na Afrika ya mashariki. Ku Mulago, Kampala, Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo unabeba jina lake, na mwaka 1967 Uganda ilipata taasisi yake ya kansa, iliyoanza na watoto hao hao. Kwa upande wa roho, ku Eldoret, Kenya, hospitali ya Moi iko na kituo cha Sally Test, ambacho kazi yake ni michezo, masomo na maongezi kwa watoto waliolazwa. Ku Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha linashughulikia watoto wenye kansa pamoja na mahali pa kulala familia zilizotoka mbali. Kule msingi wa kazi ni rangi, vitabu, mipira ya plastiki na watoto wengine wa kucheza nao. Ukiniuliza, Eldoret na Starbright ni ndugu wa karibu kuliko Starbright na yule gorila wa Atlanta.

Na Katanga? Katanga imetibu kansa ya dunia bila kuitwa. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilijulikana kuwa na urani mwaka 1915. Kuanzia mwaka 1922 Union Minière ilitoa radiumu kutoka mawe yake, mu kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kwa miaka michache Ubelgiji ikawa muuzaji mkubwa wa radiumu mu dunia; matumizi yake makubwa ya uganga yalikuwa kuchoma kansa. Kisha mwaka 1951, ku Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine za kobalti-60, wakati ambapo Katanga njo iliongoza dunia kwa kutoa kobalti. Na leo, makamyoni yanayosimama mulolongo ku Kasumbalesa yamebeba shaba na kobalti, na kobalti iko mu betri nyingi za simu na za vyombo vya namna ya ile miwani. Mara tatu, bandugu. Kijana wetu wa miaka 14 akienda Lusaka kutibiwa, basi lake linapita kando ya makamyoni hayo.

Sitaki tukae sana mu kulalamika hapo, juu malalamiko hayampi mtoto rafiki. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kansa za watoto: kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000 wanashikwa, na mu inchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona, huku mu inchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Lengo ni kwamba mwaka 2030 angalau asilimia 60 wapone. Kwa hiyo dawa kwanza. Mwenye pesa za miwani 10 na hana pesa za kemo, anunue kemo. Lakini mu sababu zinazotajwa za familia kuacha matibabu katikati kuko umbali, kuko pesa, na kuko kuchoka. Kijana anayekataa kurudi hospitali, wazazi wanaweza kumlazimisha mara mbili. Ya tatu wanachoka nao.

Basi tufikirie Kasumbalesa namna ilivyo. Watu wengi wa mpaka wanatembea na simu ya laini mbili, moja ya Kongo na moja ya Zambia. Vijana wanajua Free Fire, wanajua ludo ya mu simu, wanajua kupigana mpira wa PlayStation mu vile vyumba vya mtaa ambamo unalipa kwa mechi. Dunia pepe tayari iko mu mifuko yao. Yule aliye Lusaka, kitanda cha tatu, na wenzake wa darasa walio Kasumbalesa, wanaweza kuingia mu mchezo mmoja saa kumi na mbili ya jioni, na kwa dakika 30 yeye si mgonjwa, ni mchezaji mbaya ao mchezaji mzuri kama kila siku. Hiyo inaomba mega, chaji, na mtu wa kukumbusha saa. Miwani haiko mu hesabu. Miwani yenyewe ina taabu zake: wengine inawapa kizunguzungu na kichefuchefu juu ya kichefuchefu cha kemo, na ikipita uso kwa uso bila kusafishwa inabeba vimelea kwa watoto ambao kinga yao iko chini.

Simu nayo ina hatari, tusidanganyane. Mu michezo ya wazi kuko watu wazima wanaojifanya watoto. Kuko wanaopiga picha ya mtoto mgonjwa na kuomba pesa kwa jina lake. Kuko uuzaji ndani ya mchezo, mtoto anamaliza unite za mama bila kujua. Kwa hiyo kundi liwe dogo, la watu wanaojuana kwa sura, na liwe na mkubwa mmoja anayejulikana: nesi, mwalimu, ao mmoja wetu.

Na huyo mkubwa anahitajika kwa sababu nyingine, nzito kuliko zote. Kundi la vijana wenye kansa, siku moja, mmoja wao hataingia. Jina lake litaonekana mu orodha, umbo lake litasimama pale alipoliacha juzi, na wenzake watauliza. Kwetu tuna desturi ya kuficha watoto habari ya kifo cha mtoto mwenzao. Tunasema amesafiri, amehamia kwa babu. Mu kundi la simu uongo huo hauishi hata jioni moja, maana kuko anayejua namba ya kaka yake. Starbright, Zora na zote zilizofuata zimeishi na jambo hilo, na hakuna programu inayoweza kulijibu. Kijana wa miaka 14 ataandika saa nne ya usiku: "Mbona hayuko?" Na kabla ya kununua hata simu ya kwanza, wale wanaotaka kuanzisha kitu cha namna hii hapa wanapaswa kujua ni nani atakuwa macho saa ile, kwa Kiswahili, na atamuandikia nini.